Kazi ya Mwandaaji wa Matamasha na Fadhila ya Busara

Parokia inapoandaa tamasha la kwaya ili kujenga kanisa au kusaidia kituo cha yatima, kamati huanza na maswali tunayoyafahamu sote: mgeni rasmi ni nani, MC ni nani, vyombo tutakodi wapi. Ni maswali ya lazima. Lakini lipo swali linaloyatangulia: tamasha likishakwisha, tunataka nini kiwe kimebadilika? Mtu anayelishika swali hilo tangu kikao cha kwanza mpaka taa zizimwe ndiye mwandaaji wa tamasha.

Katika makala hii tutaitazama kazi hiyo kupitia Mwingereza mmoja, Tony Hollingsworth, ambaye jina lake halifahamiki kwa wengi ingawa tamasha aliloliandaa mwaka 1988 lilionekana karibu dunia nzima.

Mwandaaji hufanya nini?

Watazamaji humwona mwimbaji, mwandaaji hawamwoni. Yeye ndiye anayekodi uwanja, anayetafuta fedha kabla tiketi hata moja haijauzwa, anayefunga mikataba na wasanii na vituo vya televisheni, na anayepanga nani apande jukwaani saa ngapi. Tamasha likiwa la kutetea jambo la kijamii, anaongezewa mzigo mwingine. Wanaharakati wanataka ujumbe wao usemwe wote bila kupunguzwa. Wenye televisheni wanataka burudani isiyowaletea ugomvi na serikali. Mwandaaji anasimama katikati, na pande zote mbili anazihitaji.

Hollingsworth aliijifunza kazi hii London katika miaka ya 1980, alipoandaa matamasha ya halmashauri ya jiji hilo, iliyovunjwa mwaka 1986. Hapo ndipo alipokutana na harakati za kupinga ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini.

Hali ilivyokuwa

Nelson Mandela alikuwa gerezani tangu mwaka 1962. Afrika Kusini picha zake zilipigwa marufuku, na vijana wengi hawakujua hata sura yake. Mwezi Oktoba 1987 Waziri Mkuu wa Uingereza, Margaret Thatcher, alikiita chama cha ANC chama cha kigaidi. Habari za televisheni nazo zilimtaja Mandela kwa lugha ya namna hiyo.

Uingereza kilikuwepo chama kilichopigania kufunguliwa kwake, Anti-Apartheid Movement. Rais wake alikuwa Askofu Mkuu Trevor Huddleston wa Kanisa la Anglikana. Watanzania wa kusini wanamkumbuka, kwa kuwa alikuwa Askofu wa Masasi kuanzia mwaka 1960 hadi 1968. Kabla ya hapo alikuwa padre Sophiatown, Johannesburg, na ndiye aliyempatia kijana Hugh Masekela tarumbeta yake ya kwanza.

Hollingsworth alikiambia chama hicho jambo ambalo halikuwapendeza wengi. Tamasha la hasira, alisema, litatazamwa na wale ambao tayari wanakubaliana nasi. Tuandae sherehe ya kuzaliwa: Mandela anatimiza miaka 70 tarehe 18 Julai 1988. Mikataba tusiipeleke kwenye idara za habari za televisheni, tuipeleke kwenye idara za burudani. Kituo kikishatenga saa nyingi za kumsherehekea mtu huyu, kitawezaje kumwita gaidi katika taarifa ya habari jioni ileile?

Sharti lake lilikuwa zito. Jukwaa lisitumike kudai vikwazo vya kiuchumi dhidi ya Afrika Kusini, na vikwazo ndivyo vilivyokuwa dai kuu la chama. Wengine waliuliza pia kwa nini atajwe Mandela peke yake wakati wafungwa wa kisiasa ni wengi. Mwanzoni katibu mtendaji wa chama, Mike Terry, alikataa. Baadaye alikubali.

Siku yenyewe

Tarehe 11 Juni 1988, watu zaidi ya 70,000 walijaa uwanja wa Wembley, London. Tamasha lilichukua takriban saa 11 na kurushwa katika nchi 67. Watazamaji wanakadiriwa kufikia milioni 600. Miriam Makeba alikuwepo, na Masekela, yule kijana wa tarumbeta, alikuwepo pia.

Siku kama hiyo ndipo kazi ya mwandaaji inapojulikana. Stevie Wonder alipokaribia kupanda jukwaani iligundulika kwamba kifaa kilichohifadhi muziki wa kinanda chake cha kielektroniki hakipo. Aliondoka kwa uchungu. Mamilioni walikuwa wanatazama moja kwa moja, na jukwaa lilikuwa tupu. Waandaaji walimwomba dada mmoja aliyekuwa ameshaimba mapema, Tracy Chapman, arudi. Alihitaji gitaa lake na kipaza sauti tu. Aliimba, uwanja ukatulia, na tangu siku hiyo akajulikana duniani. Stevie Wonder aliimba baadaye kwa kuazima vyombo vya wenzake.

Je, ilikuwa halali kulinyamazia dai kuu?

Hapa ndipo mwanafunzi wa falsafa anapopata kazi. Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba busara ina matendo matatu: kutafuta shauri, kuhukumu, na kuamuru lililohukumiwa litendwe. Busara haimaanishi kukwepa matatizo. Ni kuchagua njia inayofikisha kwenye lengo jema, na njia yenyewe lazima iwe njema.

Anayepinga atasema: ukweli uliopunguzwa ili upendwe si ukweli tena. Hoja hii ina uzito, na siku ileile ilipata ushahidi. Marekani, kituo cha Fox kilikata maneno mengi ya kisiasa na kulibadili tamasha jina, kiasi kwamba mtazamaji angeweza kudhani ni burudani tu. Wasanii walilalamika.

Lakini tutofautishe mambo mawili. Fox ilificha sababu ya tamasha kuwepo. Hollingsworth aliacha dai moja lisisemwe mahali pamoja kwa siku moja, huku chama kikiwa huru kulisema kwingine kote. Kesho yake tu waandamanaji waliondoka Glasgow kwa miguu, wakafika London mwezi Julai, na huko Huddleston na Desmond Tutu walizungumza na umati mkubwa katika bustani ya Hyde Park.

Tarehe 11 Februari 1990 Mandela aliachiwa huru. Haitakuwa haki kusema tamasha ndilo lililomtoa. Waliomtoa ni wananchi wa Afrika Kusini waliopambana na kufa, pamoja na nchi zilizowapokea wapigania uhuru, kama sisi tulivyowapokea Mazimbu, Morogoro. Lakini Jumatatu ya Pasaka, tarehe 16 Aprili 1990, Hollingsworth aliandaa tamasha la pili uwanjani Wembley, na safari hii Mandela mwenyewe alisimama jukwaani. Aliiomba dunia nini? Isiondoe vikwazo. Dai lililoachwa mwaka 1988 lilisemwa mbele ya dunia na yule aliyekuwa na haki zaidi ya kulisema.

Tamasha kubwa si lazima lizae fedha

Miezi mitatu baadaye, tarehe 21 Julai 1990, Hollingsworth alishiriki kuandaa tamasha la Roger Waters mjini Berlin, mahali ulipokuwa ukuta. Lilikuwa la kuchangia mfuko wa Leonard Cheshire, rubani wa vita aliyeshuhudia bomu la Nagasaki, akawa Mkatoliki mwaka 1948, na kuanzisha nyumba za walemavu ambazo hata Kenya zipo. Watu zaidi ya 200,000 walifika. Hata hivyo mauzo ya kanda na video hayakufikia matarajio, na tawi la biashara la mfuko lilibaki na hasara.

Tofauti ya matamasha haya inatufundisha. La mwaka 1988 lililenga kubadili fikra za watu kuhusu mtu mmoja, na kila uamuzi ulipimwa kwa lengo hilo. La Berlin lilihitaji fedha nyingi, lakini jukwaa lenyewe lilikuwa la gharama kubwa mno.

Basi, mpendwa msomaji, kamati ya parokia yako itakapokutana, ombeni kwanza sentensi moja iandikwe kwenye daftari la katibu: tunataka nini kibadilike? Kama ni fedha, pigeni hesabu ya gharama kabla ya kukodi jukwaa. Kama ni fikra, kwa mfano jinsi jirani anavyowatazama watoto wenye ulemavu, amueni nani hasa afike kusikia, na yapi yatasemwa siku nyingine. Na yale mtakayoahirisha, yaandikeni pia pamoja na tarehe yake, yasije yakasahaulika.