Kiatu cha Mazoezi ya Kasi na Vipimo Vyake
(Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya ilielezwa jinsi viatu vya kukimbilia, ambavyo wengi huviita raba, vinavyogawanyika katika makundi matatu: vya mazoezi mepesi, vilivyokusudiwa kuilinda miguu katika kilomita nyingi za mwendo wa taratibu, vya mashindano, vilivyoondolewa kila kitu kisichosaidia kasi, na vya mazoezi ya kasi, vilivyo kati ya makundi hayo mawili. Sehemu hii inahusu kundi la tatu, ambalo ndilo gumu zaidi kulitolea hukumu, kwa sababu kiatu cha namna hiyo hudaiwa mambo mawili yasiyopatana kwa urahisi: kiwe chepesi na chenye mneso kama cha mashindano, na papo hapo kistahimili kazi wiki baada ya wiki bila kuuchosha mguu wala kuchakaa mapema. Tarakimu anazoziandika mtengenezaji, ziwe za uzito au za unene wa soli, ni ushahidi tu. Mwenye kutoa hukumu ni mguu, tena ukiwa katika kazi maalumu ambayo kiatu kilinunuliwa kuifanya.

Ratiba ya kambi nyingi za Bonde la Ufa nchini Kenya yatosha kuionyesha kazi hiyo. Katika mji kama Iten, ulioko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, wiki ya mwanariadha wa marathoni huwa na siku ya uwanjani, ambayo kwa desturi ni Jumanne. Kuna pia siku ya fatileki, yaani zoezi la kupokezanisha mwendo wa kasi na wa taratibu kwa dakika zilizopangwa, ambayo mara nyingi ni Alhamisi. Kisha kuna siku ya mbio ndefu ya kilomita 30 hadi 40 mwishoni mwa wiki. Siku zilizosalia hukimbiwa polepole, kwa mwendo ambao mgeni hushangaa kuuona kwa mabingwa. Kiatu cha mazoezi ya kasi hupangiwa siku hizo tatu ngumu, au angalau mbili kati yake, na kwa hiyo mwenye kukipima haanzi kwa kuuliza kama kiatu ni kizuri, bali huuliza ni kizuri kwa siku ipi.

Kipimo kinachotajwa kwanza na watu wengi ni uzito. Kiatu cha mashindano cha saizi ya kati ya wanaume huwa na takriban gramu 200, cha mazoezi mepesi mara nyingi huvuka gramu 250 na huweza kufika 300, na cha mazoezi ya kasi huangukia katikati. Tafiti zilizofanywa tangu miaka ya 1980 zimeonyesha kwamba kila gramu 100 zinazoongezwa kwenye kila kiatu humwongezea mkimbiaji takriban asilimia 1 ya nishati anayoitumia kwa kasi ileile. Mkimbiaji anayepiga hatua 180 kwa dakika huunyanyua kila mguu mara 5,400 katika saa moja, na kiatu kikipungua gramu 30, jumla ya uzito ambao mguu mmoja umeepushwa kuunyanyua katika saa hiyo hufika kilo 162. Hata hivyo, gramu hizo 30 ni sawa na takriban asilimia 0.3 tu ya nishati, kiasi ambacho kinaweza kumezwa na kasoro nyingine ya kiatu, na ndiyo maana wepesi uliopatikana kwa kupunguza soli inayoulinda mguu si faida kwa mtu anayekusudia kukimbia kilomita 35 na kuamka kesho yake akaendelea na mazoezi.

Kinachobeba siri kubwa ya kiatu cha kisasa ni soli ya kati, yaani tabaka nene lililo baina ya unyayo na mpira unaogusa ardhi. Tabaka hilo hutengenezwa kwa povu, ambalo ni plastiki iliyojaa vijishimo vidogo vya hewa, na aina zake kuu ni tatu: EVA, iliyoenea tangu miaka ya 1970 na ambayo ni rahisi kwa bei, TPU, iliyopata umaarufu kuanzia mwaka 2013, ambayo ni imara lakini nzito, na PEBA, iliyojulikana sana baada ya mwaka 2017, ambayo ni nyepesi na yenye mneso mkubwa. Mneso hapa ni uwezo wa povu kubonyea mguu unapotua na kurudi katika umbo lake mguu unapoondoka, na hupimwa kwa kulinganisha nishati inayoingia na ile inayorudishwa. Katika utafiti mashuhuri wa Chuo Kikuu cha Colorado mjini Boulder, uliotolewa mwaka 2017, kiatu cha majaribio chenye povu la PEBA kilirudisha asilimia 87 ya nishati, ilhali viatu viwili vya mashindano vilivyolinganishwa nacho vilirudisha takriban asilimia 76 na 66. Wakimbiaji 18 waliokijaribu, baada ya viatu vyote kusawazishwa uzito, waliokoa kwa wastani asilimia 4 ya nishati.

Wastani huo ndio uliovuma duniani, lakini kwa mnunuzi wa kiatu cha mazoezi funzo lenye uzito zaidi limo katika tofauti za mtu na mtu, kwa kuwa miongoni mwa wakimbiaji haohao 18 wapo waliookoa takriban asilimia 2 na wapo waliovuka asilimia 6. Utafiti mwingine, uliotolewa mwaka 2023 na uliowahusisha wanariadha saba wa Kenya wa kiwango cha dunia, ulikuta mtawanyiko mkubwa zaidi: walipovaa viatu vya kisasa, wakilinganishwa na walipovaa kiatu bapa cha mtindo wa zamani, wapo waliopata faida iliyozidi asilimia 11 na wapo waliopata hasara ya kiasi hichohicho. Kwa maneno mengine, viatu vya namna moja vilimsaidia mmoja na kumlemea mwenzake, ingawa wote wawili ni wakimbiaji hodari. Yafaa pia kukumbuka kwamba asilimia 4 ya nishati si asilimia 4 ya muda, kwa sababu mkimbiaji anapoongeza kasi hewa humpinga zaidi, na faida inayoonekana kwenye saa huwa ndogo kuliko ile ya maabara.

Pamoja na povu, viatu vingi vya mazoezi ya kasi huwekewa bamba, yaani kipande chembamba na kigumu kinacholazwa ndani ya soli ya kati kutoka kisigino hadi vidoleni. Katika viatu vya mashindano bamba hilo huwa la nyuzi za kaboni, na katika vya mazoezi mara nyingi huwa la nailoni, ambayo hupinda kwa urahisi zaidi. Wengi hulidhania bamba kuwa springi inayomrusha mkimbiaji, lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts walipolikatakata bamba la kiatu mashuhuri cha mashindano ili kulipunguzia ugumu, hawakuona mabadiliko makubwa katika nishati iliyotumika. Inaelekea kazi yake muhimu ni kulituliza povu nene lisiyumbe na kulisaidia umbo la soli iliyopindishwa kwa mbele, ambalo humbiringishia mkimbiaji hatua yake. Madaktari nao wametoa tahadhari: mwaka 2023 ilichapishwa ripoti ya wanariadha watano waliopata majeraha ya mfupa wa navikula, ulioko katikati ya mguu, baada ya kutumia viatu vyenye bamba la kaboni. Idadi hiyo haitoshi kuthibitisha kwamba viatu ndivyo vilivyosababisha majeraha, ila yatosha kumshauri mkimbiaji avizoee kidogokidogo.

Kipimo kingine ni tofauti ya kimo baina ya kisigino na mbele ya mguu, ambayo katika viatu vingi huwa kati ya milimita 4 na 10. Tofauti ikiwa ndogo, mzigo huhamia kwenye misuli ya shavu la mguu na kano ya kisigino. Ikiwa kubwa, sehemu ya mzigo hupanda kwenye goti. Hakuna kimo kinachomfaa kila mtu, na aliyezoea milimita 10 akihamia ghafla kwenye 4 huambiwa na mguu wake, si na muuzaji, kwamba amekosea.

Hapo ndipo penye umuhimu wa jinsi kiatu kinavyokaa mguuni. Mtaalamu wa mwendo Benno Nigg wa Chuo Kikuu cha Calgary, pamoja na wenzake, alipendekeza mwaka 2015 kwamba starehe ni chujio unalolitumia mwili kuchagua kiatu kisichoupotosha mwendo wake wa asili. Starehe inayokusudiwa si ulaini wa kubonyeza soli kwa kidole gumba dukani, kwani povu laini kupita kiasi huyumba kwenye kona. Ni hali ya kisigino kushikwa bila kuteleza, vidole kupata nafasi ya kutanuka vinapovimba kwa joto, na kamba kukazwa bila ulimi wa kiatu kuubana mgongo wa mguu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kiatu ambacho hakijakimbiwa angalau saa moja bado hakijasema lolote.

Mazingira nayo yana sauti yake. Kwenye barabara za vumbi za nyanda za juu, zenye mawe na makorongo yaliyochimbwa na mvua, soli nene yenye upana mdogo hukipindua kifundo cha mguu kwa urahisi, na udongo mwekundu ukilowa hujaza mifereji ya soli ya nje mpaka mshiko wote ukapotea. Kwenye lami ya Dar es Salaam au Mombasa kasoro hizo hazionekani, ila joto lipo, na povu la EVA hulainika kwa joto na kukakamaa kwa baridi kuliko PEBA.

Uimara ndio unaokitenga kabisa kiatu cha mazoezi na cha mashindano. Kiatu cha Sh20,000 kikidumu kilomita 500, kila kilomita imegharimu Sh40. Cha Sh12,000 kikifa katika kilomita 250, kila kilomita imegharimu Sh48, na kile kilichoonekana rahisi kimekuwa ghali. Dalili za kuchakaa ni mikunjo ya kudumu ubavuni mwa soli ya kati, mpira uliolika upande mmoja, na maumivu mapya kwenye muundi yasiyo na sababu nyingine. Kupokezanisha jozi mbili husaidia pia: utafiti uliofanyika Luxembourg na kuchapishwa mwaka 2015, wenye wakimbiaji 264, ulikuta kwamba waliokuwa wakibadilisha viatu walikuwa na hatari ya kujeruhiwa iliyo chini kwa asilimia 39.

Wakimbiaji makini basi hukijaribu kiatu kwa hatua tatu, yaani mbio fupi ya taratibu, zoezi la kasi, na mbio ndefu, zote katika njia wanayoijua. Saa peke yake hudanganya, kwa kuwa upepo na usingizi wa jana hubadilisha muda kuliko kiatu. Kinachoangaliwa zaidi ni robo ya mwisho ya mbio ndefu, misuli inapochoka na unyayo kuanza kutua vibaya, na hali ya miguu asubuhi inayofuata.

Tena, cha mazoezi kibaki mazoezini. Septemba 2021 Derara Hurisa wa Ethiopia alimaliza wa kwanza katika marathoni ya Vienna, akanyang'anywa ushindi kwa sababu soli yake ilikuwa na unene wa sentimita 5, ilhali kanuni za World Athletics, shirikisho la riadha duniani, zinaruhusu sentimita 4. Ushindi ukamwendea Leonard Langat wa Kenya. Kiatu hicho kilikuwa halali kabisa kwa mazoezi.

Kwa hiyo kiatu bora cha mazoezi ya kasi si chepesi kuliko vyote wala cha bingwa fulani, bali ni kile kinachomwezesha mwenyewe kutimiza siku zake ngumu na kurejea barabarani kesho yake akiwa mzima. Sehemu ya tatu itaeleza kanuni za viatu vya mashindano na jinsi zilivyopatikana.