Kihisi joto cha jokofu

Kihisi joto cha jokofu (pia: sensa ya friji) ni kifaa kidogo kinachopima halijoto ndani ya jokofu na kuijulisha saketi inayowasha na kuzima kompresa. Kikiharibika, jokofu linaweza kugandisha kila kitu au kuacha chakula kioze, ingawa mashine yenyewe ni nzima. Vihisi vya aina hiyohiyo hutumika katika viyoyozi, mashine za kufulia na mashine za kukaushia nguo.

Aina

Majokofu ya zamani hutumia themostati ya bomba: kijibomba chembamba chenye gesi au kimiminika kinachotanuka kwa joto na kusukuma swichi. Majokofu mengi ya kisasa hutumia thamista, yaani kipande cha nusukipitishi ambacho ukinzani wake hubadilika kufuatana na halijoto. Mwingereza Michael Faraday aliona tabia hiyo mwaka 1833 alipokuwa akichunguza salfidi ya fedha.

Thamista ya jokofu hupunguza ukinzani kadiri joto linavyopanda. Aina iliyoenea ina ukinzani wa omu 10,000 kwenye 25 °C. Nyingine zina omu 5,000 au 2,000. Kwa aina moja ya kawaida ya omu 10,000, vipimo hukaribia hivi:

- 0 °C: omu 33,000
- 5 °C: omu 25,000
- 10 °C: omu 20,000
- 25 °C: omu 10,000
- 37 °C: omu 6,000

Saketi haipimi ukinzani moja kwa moja. Thamista huunganishwa mfululizo na kikinza kisichobadilika, na saketi husoma volti iliyo kati yao. Kwa mfano, umeme ukiwa volti 5 na kikinza kikiwa cha omu 10,000, volti juu ya thamista ni 2.5 kwenye 25 °C. Kwenye 5 °C hupanda hadi karibu 3.6. Saketi huitafsiri volti hiyo kuwa halijoto.

Dalili za ubovu

Kihisi kibovu huidanganya saketi, na dalili hutegemea upande wa uongo wake.

Unyevu ukipenya ndani ya kihisi, umeme hupata njia ya pembeni na ukinzani hushuka. Saketi hudhani ndani kuna joto, hivyo kompresa huzunguka bila kupumzika. Mboga na maji hugandia hata sehemu ya chini.

Kutu ikishika viungio vya waya, ukinzani huongezeka. Saketi hudhani ndani kumeshapoa, kompresa huzima mapema, na maziwa huchacha.

Waya ukikatika kabisa, ukinzani huwa mkubwa mno. Baadhi ya majokofu huzima, mengine huonyesha alama ya hitilafu, na mengine huendesha kompresa kwa kuhesabu muda tu.

Kabla ya kulaumu kihisi ni vizuri kuondoa sababu nyingine: mpira wa mlango uliochakaa, vumbi kwenye mabomba ya nyuma, feni iliyosimama, gesi iliyovuja, au umeme wenye volti ndogo.

Namna ya kupima

Kazi hii huhitaji mita ya umeme na kipimajoto cha kuaminika.

1. Plagi huchomolewa kwenye soketi. Kuzima swichi ya jokofu pekee hakutoshi.
2. Kiungio cha kihisi hutenganishwa na saketi. Kikipimwa kikiwa bado kimeunganishwa, mita husoma pia vikinza vya saketi na jibu huwa la uongo.
3. Viungio hukaguliwa kama vina kutu, hasa ile ya kijani.
4. Kihisi hutumbukizwa katika kikombe cha barafu iliyopondwa na maji kidogo, kisha hukorogwa kwa dakika chache. Mchanganyiko huo hubaki karibu na 0 °C mpaka barafu iyeyuke. Viungio hubaki vikavu.
5. Ukinzani husomwa na kulinganishwa na jedwali la mtengenezaji. Kihisi hupimwa tena katika hali ya kawaida ya chumba, kipimajoto kikiwa kando yake.

Barafu itengenezwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Jambo hili lina uzito katika delta ya Rufiji, ambako baadhi ya visima vina maji ya chumvi. Maji ya bahari huganda karibu na −1.9 °C, hivyo barafu yake huharibu kipimo.

Thamista nzima hubadilisha ukinzani polepole na bila kurukaruka. Isiyobadilika, au inayoruka waya unapotikiswa, ni mbovu. Thamista haitengenezwi, hubadilishwa kwa nyingine yenye omu na jedwali lilelile. Ya omu 5,000 ikiwekwa mahali pa omu 10,000, saketi hudhani kuna joto wakati wote. Kiungio kipya kizibwe vizuri ili unyevu usiingie tena. Kipimo kikionyesha kihisi ni kizima, tatizo litafutwe kwenye waya au saketi.

Chanjo na dawa

Madhara makubwa ya kihisi kibovu huonekana kwenye dawa. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya 2 °C na 8 °C. Chanjo za pepopunda na homa ya ini aina B huharibika zikiganda, hata zikiyeyuka baadaye na kuonekana za kawaida. Alama ya joto iliyobandikwa kwenye chupa ya chanjo huonyesha kwamba chanjo imepata joto kupita kiasi. Haionyeshi kwamba iliganda. Ndiyo maana wahudumu wa afya husoma kipimajoto asubuhi na jioni badala ya kutegemea jokofu peke yake.

Katika vijiji vilivyo mbali na mjini, kama Ngarambe wilayani Rufiji, au visiwa vya delta vinavyofikiwa kwa boti, chanjo iliyoharibika haipatikani nyingine kwa haraka. Mtoto aliyechomwa chanjo iliyoganda huhesabiwa kuwa amekingwa, kumbe sivyo.

Insulini ambayo haijafunguliwa nayo hutunzwa kati ya 2 °C na 8 °C, na iliyowahi kuganda haifai kutumika. Mgonjwa wa kisukari anayeitunza katika jokofu la nyumbani aweke kipimajoto cha bei nafuu kando yake, wala asiigusishe na ukuta wa nyuma au sehemu ya barafu.

Mashine ya kukaushia nguo

Nyumba nyingi za Afrika Mashariki hukausha nguo juani, lakini mashine hizo zipo katika hoteli, hospitali na baadhi ya nyumba. Kipimo ni kilekile. Kihisi kikionyesha joto kuliko lililopo, hita huzima mapema na nguo hutoka mbichi. Kikionyesha baridi, hita huendelea na nyuzinyuzi za nguo zinaweza kuwaka. Mashine hiyo huwa pia na fyuzi ya joto inayokata umeme. Fyuzi hiyo isiunganishwe kwa waya wa kawaida, kwa kuwa ndiyo kinga ya mwisho dhidi ya moto.

Usalama

Majokofu mengi mapya hutumia gesi ya isobutani, iliyoandikwa R600a kwenye kibandiko, ambayo hushika moto kwa urahisi. Kisu kisitumike kubandua barafu, na moto usisogezwe karibu na mabomba. Kupima kihisi kunaweza kufanywa na mtu mwangalifu. Kufungua mfumo wa gesi ni kazi ya fundi.