Jua Linapozama Kondeni: Urembo na Sheria katika Picha ya Waokota Masazo

Mwaka 1859 Jules Breton, mchoraji mzaliwa wa Courrières, kaskazini mwa Ufaransa, alionyesha jijini Paris picha iitwayo Le Rappel des glaneuses. Jina hilo huweza kufasiriwa 'Kuitwa Nyumbani kwa Waokota Masazo', ingawa hapo jambo moja hupotea: glaneuses ni wanawake pekee, ilhali ngeli ya M-/WA- haibainishi jinsi. Aidha, masazo hapa si makombo ya mezani. Ni masuke ya ngano yaliyosalia kondeni baada ya mavuno, ambayo maskini waliruhusiwa kuyaokota.

Wanawake wa Breton hawana viatu na nguo zao zimechakaa. Hata hivyo, wanatembea wima, kwa madaha, wamebeba miganda yao, mwezi mwandamo ukionekana angani. Ufukara upo, ila umevikwa adhama. Utawala wa Napoleon III uliipenda picha hiyo, na mwaka 1862 ikawekwa katika Makumbusho ya Luxembourg. Haikuwa hivyo kwa Jean-François Millet. Mwaka 1857 aliwaonyesha waokota masazo watatu, wawili kati yao wameinama hadi ardhini, nyuso zimefifia, huku kwa mbali ngano ya mwenye shamba ikirundikwa mbele ya msimamizi aliyepanda farasi. Picha yake ilishambuliwa. Mapinduzi ya 1848 hayajasahaulika, na baadhi ya wahakiki waliona tishio katika migongo ile.

Ni rahisi basi kusema kwamba Breton alipamba na Millet akasema kweli. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Pembeni mwa picha ya Breton amesimama mlinzi wa mashamba, kiganja kinywani, akipaza sauti. Kifungu cha 471 cha Kanuni ya Adhabu ya Ufaransa ya 1810 kilitoza faini kwa kuokota kabla ya jua kuchomoza au baada ya kuzama. Kumbe wekundu wa machweo unaowaburudisha watazamaji ndiyo saa ya sheria: tangu hapo suke lililokuwa haki linageuka kosa.

Kwa msingi huo, hata tafsiri 'kuitwa nyumbani' inashiriki katika upambaji. Neno rappel halitaji nyumba yoyote, na mlinzi yule hamkaribishi mtu kwake; anawaondoa watu shambani. 'Amri ya Kuondoka' ingekaribia zaidi kile kinachotendeka pichani.