Mihuri Minne kwa Ndoa Moja

Yule mama wa Wete ameonekana tena bandarini wiki hii, bahasha ya khaki kwapani. Ni safari yake ya tatu kuvuka bahari kuja Unguja kwa ajili ya cheti kimoja cha ndoa ya binti yake. Mkwewe anafanya kazi Muscat, na wenye mamlaka huko wanataka cheti kilichothibitishwa kabla ya kumpa mke ukaazi. Dai hilo halina ubaya, kwani kila dola ina haki ya kujua nani anaingia kwake. Ubaya umo humu mwetu.

Cheti kimeandikwa na Kadhi, na muhuri kinao. Hata hivyo yabidi ofisi ya pili ithibitishe muhuri wa ofisi ya kwanza, kisha kifasiriwe, fasiri nayo ithibitishwe, kisha kipelekwe wizarani, ndipo ubalozi ukubali kukitazama. Kufika ngazi ya tatu, karani akagundua kwamba babake binti ni Salum katika pasi na Salim katika cheti. Basi kazi ianze upya, na hati ya kiapo juu yake.

Nani visiwani humu asiyejua asili ya Salum na Salim? Majina yetu yaliandikwa na makarani wa zama mbalimbali, huyu akifuata sauti, yule akifuata herufi za Kiarabu, mwingine mazoea ya Kiingereza. Khamis wa daftari moja ni Hamisi wa daftari jingine. Tena wageni hutaka jina la ukoo, nasi twajiita kwa jina la baba na la babu. Kosa hilo lilizaliwa ofisini, lakini nauli, malazi na ada ya wakili hulipwa na raia.

Dunia imekwisha kulifikiri jambo hili. Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961 uliondoa mlolongo wa mihuri baina ya nchi wanachama, ukaweka uthibitisho mmoja tu, uitwao apostili. Oman imo tangu mwaka 2012, Burundi tangu 2015, na Rwanda ikafuata mwaka 2024. Hadi wakati huo nchi yetu haikuwamo. Kujiunga ni suala la Muungano, na haliamuliwi na karani wa dirishani, tunalielewa hilo.

Lakini yapo yasiyongoja mkataba wowote. Sheria Namba 3 ya mwaka 2018 ya Zanzibar iliunda wakala mmoja wa kusajili vizazi, vifo, ndoa na talaka. Ikiwa kumbukumbu ni za mlango mmoja, kwa nini mtu wa Wete asithibitishiwe cheti chake huko huko Pemba? Na tofauti ya herufi moja, pale majina ya babu, mama na tarehe yanapolingana, kwa nini isisahihishwe na msajili mwenyewe siku ile ile?

Kibali alichopewa mkwe cha kumchukua mkewe kina muda wake, na muda huo unakwenda. Mama amefikia kwa jamaa zake Mwembeladu, akisubiri Jumatatu. Ijumaa aliambiwa kwamba mwenye muhuri yuko likizo, na hapana aliyeachiwa ufunguo wa kabati.