Je, Ni Kweli Zanzibar Hakufiki Kimbunga?

Kila tunapoandaa ziara ya wanafunzi kwenda Unguja, wazazi hutuuliza kuhusu malazi, chakula na nauli ya boti. Safari hii mzazi mmoja aliuliza kuhusu kimbunga. Alikuwa amesikia habari za Mayotte, ambako kimbunga Chido kilibomoa mitaa mizima ya nyumba za mabati tarehe 14 Desemba 2024. Mwenzetu mmoja akamjibu papo hapo kwamba Zanzibar hakufiki kimbunga. Jibu hilo tumelisikia mara nyingi hapa idarani, na tumeona tulifafanue, kwani ni nusu tu ya ukweli.

Kimbunga huzaliwa juu ya bahari yenye nyuzijoto 26 hivi au zaidi. Hewa yenye unyevu hupanda, mawingu hujengeka, na hewa nyingine hukimbilia kujaza nafasi iliyoachwa. Ili hewa hiyo izunguke badala ya kwenda moja kwa moja, ni lazima ipindwe na mzunguko wa dunia. Karibu na ikweta nguvu hiyo ni hafifu mno, na ndiyo sababu ni nadra sana kimbunga kuzaliwa ndani ya nyuzi 5 za latitudo. Tazama ramani: Pemba iko nyuzi 5 kusini, Unguja 6, Mafia karibu 8, Ngazija karibu 12, Mauritius 20. Kadiri unavyoshuka kusini ndivyo hatari inavyozidi. Shelisheli yenyewe imegawanyika. Mahé, penye hoteli nyingi, husalimika kwa kiasi kikubwa, lakini visiwa vya Farquhar vilivyo kusini zaidi vilipigwa vibaya na kimbunga Fantala mwezi Aprili 2016.

Lakini kuzaliwa ni jambo moja na kusafiri ni jingine. Tarehe 15 Aprili 1872, enzi za Sultani Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja, kikazamisha meli bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ikashika uongozi katika zao la karafuu. Aprili 1952 ilikuwa zamu ya Lindi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilisogea hadi jirani na Mafia. Boti za kati ya Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa, na mvua ikakata barabara kuu ya kwenda Lindi eneo la Somanga.

Msomaji atakuwa ameiona miezi hiyo. Ni wakati kaskazi imekwisha kuondoka na kusi haijashika sawasawa, huku bahari ikiwa bado na joto la miezi iliyopita. Mabaharia wa pwani waliupa muda huo wa pepo zisizotulia jina lake, malelezi, na pepo zenyewe wakaziita tangambili. Wanafunzi wetu hukariri maneno hayo kwa ajili ya mtihani tu, nasi walimu tumechangia kosa hilo kwa kuyafundisha kama msamiati wa ushairi.

Vivyo hivyo na neno kimbunga. Sisi tuliozoea Ziwa Viktoria, kila upepo unaoezua paa twauita kimbunga. Upepo mfupi unaozunguka na kuinua vumbi ni kisulisuli. Dhoruba na tufani ni majina mapana ya upepo mkali, aghalabu wenye mvua. Kimbunga, katika matangazo ya hali ya hewa ya Tanzania, ni ule mfumo mkubwa wa baharini wenye jina lake, unaoweza kuwa na upana wa mamia ya kilomita. Katikati yake mna jicho, mahali patulivu. Jicho likipita juu yenu upepo hukatika ghafla, na asiyejua hutoka nje kuokota mabati yake. Baada ya muda mfupi upepo hurudi kwa nguvu ile ile kutoka upande wa pili. Kwa hiyo anayesikia tangazo la kimbunga abaki ndani hadi aambiwe kimepita.

Mzazi yule tumemjibu upya, kwa barua. Ziara yenyewe tumeihamisha kutoka Aprili hadi Julai, kusi ikiwa imeshika. Bahari huchafuka wakati huo, hivyo wenye tabia ya kutapika botini waje na ndimu.