Sheria Isiyoua Yawarudisha Watuhumiwa Nyumbani

Tarehe 24 Aprili 1998, watu 22 waliohukumiwa kwa kushiriki mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 walipigwa risasi hadharani nchini Rwanda. Baadhi yao waliuawa katika uwanja wa Nyamirambo, hapa Kigali, mbele ya umati mkubwa. Hao walikuwa wa mwisho. Mwezi Julai 2007 adhabu ya kifo ilifutwa kabisa katika sheria.

Wapo waliouliza, na walikuwa na haki ya kuuliza: Je, mjane aliyepoteza watoto wake wote atatosheka vipi hali muuaji angali akila na kulala?

Ndugu msomaji, swali hilo lastahili jibu la kweli. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa mwaka 1994, ikakaa Arusha, haikuwa na adhabu kubwa kuliko kifungo cha maisha. Haikuweza kumpeleka mshtakiwa Kigali iwapo huko alingojewa na risasi. Nchi za Ulaya nazo zilishika msimamo huo huo. Hivyo adhabu iliyokusudiwa kuwatisha wauaji iligeuka kuwa ngao ya wale waliokimbilia ng'ambo.

Hata baada ya adhabu hiyo kufutwa, mlango haukufunguka mara moja. Mwaka 2008 majaji wa Arusha walikataa, wakihofia usalama wa mashahidi na kifungo cha maisha cha upwekeni. Sheria ikarekebishwa tena. Mwaka 2011 wakaridhia, na mwezi Aprili 2012 Jean Uwinkindi, aliyekuwa mchungaji huko Kayenzi, upande wa Nyamata, akafikishwa Kigali. Desemba 2015 alihukumiwa kifungo cha maisha. Kesi yake ilisikilizwa katika nchi ya waliofiwa, si ugenini.

Basi haki za mshtakiwa hazikumnyang'anya mjane haki yake. Ndizo zilizomletea mshtakiwa mbele ya hakimu.

Funzo hili lamhusu kila askari. Mahabusu anayepigwa leo kituoni ni kesi inayoweza kuvunjika kesho mahakamani, na mwenye kuumia ni yule yule aliyekuja kushtaki. Kumlinda mtuhumiwa si kumpendelea mhalifu. Ni kuilinda hukumu, ili itakapotolewa pasiwe na wa kuitilia shaka.