Fahamu: Vichwa vya treni vya Uingereza vinafanya nini Marekani na Kanada?

Kati ya vichwa 35 vya treni ya mvuke vya aina ya A4, vilivyoundwa Uingereza kuanzia mwaka 1935, vimebaki sita tu. Viwili viko ng'ambo ya Atlantiki: Dwight D. Eisenhower kimo katika makumbusho ya reli ya Green Bay, Wisconsin, na Dominion of Canada kiko Exporail, karibu na Montreal.

Vilifikaje huko? Majina yake ndiyo yaliyoviokoa. Miaka ya 1960 Uingereza iliachana na mvuke, ikahamia dizeli na umeme, na vichwa vingi vikaishia kukatwakatwa kuwa vyuma chakavu. Hivi viwili vikatolewa zawadi kwa nchi zinazohusika na majina hayo.

Thamani yake ni kubwa. Mallard, ndugu yao mwenye umbo lilelile la kupasua upepo, alifikia kilomita 203 kwa saa tarehe 3 Julai 1938, na hakuna treni ya mvuke iliyovunja rekodi hiyo. Kwa maadhimisho ya miaka 75, viwili hivyo vilirudishwa kwa meli, vyote sita vikasimama pamoja mjini York mwaka 2013. Mwaka uliofuata vikarejea Amerika.

Tofauti na hivyo viwili, kichwa kingine cha treni cha Uingereza, Mount Gelai, kilichoundwa Manchester, kimetulia Nairobi, kwenye reli kilikofanyia kazi. Eisenhower hakikuwahi kuvuta abiria wa Marekani hata siku moja, na hilo linanigusa.